Mvumo mkali si lazima ugonjwa mkali: dhana potofu kuhusu sauti za moyo

Moyo wenye afya hutoa sauti mbili kwa kila pigo: lubu, dubu. Ya kwanza ni ya kufungwa kwa valvu (milango ya damu) za mitrali na trikuspidi, zilizo kati ya vyumba vya juu na vya chini vya moyo; ya pili ni ya kufungwa kwa valvu ya aota, mshipa mkuu wa damu, na ile ya mapafu. Katikati ya sauti hizo pawe kimya. Damu ikipita kwa msukosuko, kama maji ya mpira wa bustani uliobanwa mdomoni kwa kidole, kimya hicho hujaa mvumo. Mvumo ni sauti tu. Kazi iliyobaki ni kujua umetoka wapi, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika.

Dhana: Mtoto mwenye mvumo ana tundu kwenye moyo.

Watoto wengi wenye moyo mzima kabisa wana mvumo, hasa wa miaka 3 hadi 7. Mvumo huo usio na madhara huwa laini na mfupi, husikika kati ya sauti ya kwanza na ya pili (yaani kwenye sistoli), chini upande wa kushoto wa kidari, kama uzi wa gitaa uliochezwa polepole. Mtoto akisimama, hufifia. Upo pia mvumo wa mishipa ya shingo, unaosikika bila kukatika chini ya mtulinga mtoto akiwa amekaa. Mlaze chali nao hupotea.

Homa, ujauzito na upungufu wa damu huikimbiza damu na kuleta mvumo bila valvu yoyote kuharibika. Mtoto mwenye malaria kali aliyepauka viganja mara nyingi husikika na mvumo: tibu malaria na upungufu wa damu kwanza, kisha msikilize upya. Mwenye selimundu anaweza kuishi nao miaka yote.

Kinachopaswa kukushtua ni mvumo wa diastoli, unaokuja baada ya sauti ya pili. Huo uhesabu kuwa ugonjwa mpaka kipimo cha eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) kikanushe. Vivyo hivyo mvumo wowote kwa mtoto anayetoka jasho akinyonya, asiyeongezeka uzito, mwenye midomo ya bluu, au ambaye mapigo ya mapajani hayapatikani.

Dhana: Kadiri mvumo unavyopiga kelele, ndivyo hali ilivyo mbaya.

Hii ndiyo dhana inayoponza wengi. Ukali wa mvumo hupimwa kwa madaraja 6 yaliyopendekezwa na daktari Samuel Levine wa Marekani mwaka 1933. Daraja la 1 huhitaji chumba tulivu na subira. Kuanzia la 4 mtetemo huhisika kiganjani. La 6 husikika hata stetoskopu ikiinuliwa kidogo kutoka kifuani. Madaraja hayo hupima kelele, hayapimi ugonjwa.

Tundu dogo kati ya vyumba viwili vya chini hupiga kelele kubwa kwa sababu damu hupenya kwa kasi kwenye nafasi nyembamba, na mara nyingi hujifunga lenyewe. Tundu kubwa lililokwisha kupandisha shinikizo la mapafu linaweza kuwa karibu kimya, maana shinikizo pande zote mbili limelingana. Kwa mzee mwenye valvu ya aota iliyobana sana, mvumo hupungua moyo unapochoka. Akikwambia anazimia akipanda mlima, usitulizwe na sauti ndogo.

Dhana: Kuweka stetoskopu kifuani mara moja kunatosha.

Mvue mgonjwa nguo, kitambaa kikisuguana na kiwambo (uso bapa wa stetoskopu) hutoa mikwaruzo inayofanana na sauti ya utando wa moyo uliovimba. Tafuta kwa kidole kigongo kilichopo sehemu ya juu ya kidari: hapo ubavu wa pili hushika, na nafasi kati ya mbavu iliyo chini yake ni ya pili. Sikiliza nafasi hiyo kulia (aota), kushoto (mapafu), kisha ukingo wa chini wa kidari kushoto (trikuspidi), na mwisho ncha ya moyo, nafasi ya tano chini ya katikati ya mtulinga (mitrali). Wakati wote shika mshipa mkubwa wa shingo, upande mmoja tu: mvumo unaokwenda pamoja na pigo ni wa sistoli.

Kiwambo kibonyeze vizuri, kwa sauti nyembamba. Upande wa kengele, ule mdogo wenye shimo, uguse ngozi kidogo tu, kwa sauti nzito. Ukiukandamiza, ngozi hukazika na kufanya kazi ya kiwambo, na mngurumo wa mitrali iliyobana unakupita. Mngurumo huo utafute mgonjwa akiwa amelalia ubavu wa kushoto. Aota inayovuja isikilize ameinama mbele, ametoa pumzi yote na kuizuia. Mvumo wa upande wa kulia wa moyo huongezeka akivuta pumzi.

Dhana: Sauti ya tatu ni ugonjwa daima.

Kwa mtoto, kijana au mjamzito ni kawaida. Kwa mtu aliyevuka miaka 40, fikiria moyo unaoshindwa.

Dhana: Alipimwa siku aliyozaliwa, hakuna kitu.

Siku za kwanza shinikizo la mapafu bado liko juu, hivyo damu haipiti kwa nguvu kwenye tundu. Mvumo unaweza kuanza wiki ya 2 hadi ya 6. Msikilize tena kwenye kliniki ya chanjo.

Dhana: Bila mvumo hakuna ugonjwa wa moyo wa baridi yabisi.

Ugonjwa huu huanza na koo la bakteria, yale mafindofindo yasiyotibiwa, na huharibu valvu kimyakimya. Utafiti wa watoto wa shule Kambodia na Msumbiji uliochapishwa 2007 ulionyesha eko ikigundua wagonjwa karibu mara kumi zaidi ya stetoskopu. Uganda, kati ya watoto na vijana 818 walioingia utafiti wakiwa na dalili za awali kwenye eko tu, ugonjwa ulizidi ndani ya miaka miwili kwa asilimia 0.8 ya waliochomwa penisilini ya benzathini kila wiki 4, dhidi ya asilimia 8.2 ya wasiochomwa. Sindano hiyo haifuti mvumo uliopo; huzuia valvu isiumizwe tena. Mzazi asipoelezwa hilo, ataacha kumleta mtoto.

Ukimpa rufaa, usiandike "mvumo" pekee. Andika hivi: "sistoli, daraja la 3, ncha ya moyo, unaelekea kwapani, haubadiliki akisimama, hemoglobini 11". Anayeipokea atajua kwamba valvu ya mitrali huenda inavuja, na kwamba upungufu wa damu si kisingizio.