Kito kigumu nacho hupasuka: kukiweka na kukitoa kwenye pete

Wanaoanza usonara huniuliza kama kito fulani ni kigumu. Mimi huwauliza: kikibanwa, kitapasukia wapi? Kipimo cha Mohs, cha 1 hadi 10, huonyesha tu kama kito kinakwaruzika kwa urahisi. Hakisemi lolote kuhusu pigo, mbano au joto. Topazi ina 8 kwenye kipimo hicho, lakini pigo moja likiiangukia upande mbaya huigawa vipande viwili. Tanzanaiti nayo ina udhaifu kama huo. Zumaridi hufika 7.5 hadi 8, ila ndani imejaa nyufa ndogo, na nyingi hutiwa mafuta kuzificha. Opali ina maji ndani yake. Joto likiyafukuza, hupasuka.

Kwa hiyo moto hutangulia, kito hufuata. Lehemu, asidi ya kusafishia, tupa na msasa vimalizike kwanza. Feruzi na lulu hazistahimili hata hiyo asidi.

Kinachovunja vito vingi ni kikalio, yaani mahali kito kinapokaa kwenye pete. Tone la lehemu lililobaki chini ya kito, dogo kiasi cha kutoonekana, linatosha: ukibonyeza ukingoni, kito kinaegemea pale na kukatika. Kikague kwa lenzi ya kukuza mara 10. Unapojaribisha kito, tanguliza chini yake uzi wa kusafishia meno ili uweze kukivuta kitoke bila kukichokoa.

Kwa ukuta unaozunguka kito, napenda fedha safi ya 999 (sehemu 999 kati ya 1,000 ni fedha) iliyolainishwa kwa moto, kwa kuwa hukunjika kwa nguvu ndogo kuliko ya 925. Bonyeza upande mmoja, kisha wa mkabala, kisha pande mbili zilizobaki, na uendelee hivyo katikati ya ulipokwisha kubonyeza. Ukizunguka tu moja kwa moja, chuma cha ziada kinasukumwa mbele hadi kinakunjamana mahali pamoja, na nguvu utakayotumia kukilaza ndiyo itakayopasua kito.

Kama pete ina kucha, vile vijiti vya chuma vinavyoshika kito, usizilaze moja moja hadi mwisho. Zisogeze zote kidogo kidogo. Ncha kali ya kito chenye umbo la tone iachiwe nafasi ndogo sana, isibanwe.

Katika kutoa, msimamo wangu ni mmoja: haribu chuma. Fedha huyeyushwa upya, kito hakirudi. Punguza kucha kwa tupa hadi ziwe nyembamba, ndipo uzifungue. Ukuta uchonge kwa nje mpaka uweze kuumenya, na kisu kisiegemee kito kamwe. Asetoni huyeyusha gundi iliyoshikilia kito, lakini pia huondoa mafuta ya zumaridi, nayo huanza kuonyesha nyufa zote.

Kabla ya kugusa chochote, piga picha nyufa zilizopo na umwonyeshe mwenye mali. Zumaridi yenye ufa uliofika ukingoni, chini ya kucha, mimi siitoi. Humshauri mwenyewe aiache ilivyo, au pete itengenezwe kwa leza, ambayo joto lake hubaki mahali padogo.