Magurudumu ya tela la baiskeli: yanayosemwa na ukweli wake

Ukisema tu unataka kujitengenezea tela la baiskeli kila mtu anageuka fundi, na ushauri ni uleule, tafuta magurudumu ya baiskeli mbovu, chomelea vyuma, kazi imeisha. Haijaisha bana.

"Habu ya baiskeli inabeba mtu mzima, itashindwaje na mzigo?"
Hii ndo hatari kuliko zote. Habu ni kile kitovu cha gurudumu, na ekseli ni chuma kinachopita katikati yake. Kwenye baiskeli ekseli inashikwa pande mbili, ya mbele kwa kawaida ina unene wa mm 9 na ya nyuma mm 10, inatosha kwa sababu uzito unagawanyika huku na huku. Sasa we unaishika upande mmoja ili tela liwe jembamba, nguvu yote inaishia pale ekseli inapotokea kwenye habu, inapinda taratibu. Simama nyuma ya tela likiwa na mzigo uangalie: juu ya gurudumu kukianza kuegemea ndani, ujue ekseli inaaga. Dawa ni mbili tu. Jenga fremu inayoshika ekseli pande zote, hapo hata gurudumu la kawaida la mbele linafaa, au tafuta habu iliyotengenezwa kushikwa upande mmoja, mfano ya kiti cha magurudumu, nyingi zina ekseli ya nusu inchi.

"Gurudumu kubwa ndo gumu."
Baiskeli ikikata kona inalala, tela la magurudumu mawili halilali, kwa hiyo gurudumu linasukumwa ubavuni, na ubavuni ndiko rimu ya spoki ilikokuwa dhaifu. La inchi 20 lina spoki fupi zilizotanuka zaidi kwenda pembeni, linavumilia kuliko la 26. Ila 26 linapita mashimo kirahisi, hilo siwanyimi, na la 16 linazama kila shimo.

"Basi chukua la nyuma, ndo imara."
Kwa baiskeli ya gia hapana. Rimu imevutwa upande mmoja kupisha meno ya gia, spoki za upande ule zimesimama karibu wima, halafu unabeba uzito wa frii, yale meno ya nyuma ya mnyororo, isiyo na kazi. La mbele kwa kawaida liko sawa pande zote.

"Inchi 20 ni inchi 20."
Weee. Kuna ya mm 406 na ya mm 451, yaani kipenyo cha rimu pale tairi inapokaa, tairi haziingiliani hata ulazimishe na spana. Na 26 vilevile, kuna 559 na 590. Namba imeandikwa ubavuni mwa tairi, isome kabla hujalipa.

"Weka ya toroli, haifi."
Ya toroli nyingi hazina gololi, ni bomba linazunguka kwenye chuma, zimetengenezwa kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kwa spidi ya baiskeli zinapata moto na kulika, na uzito wake utausikia kwenye kila mlima.

"Likiwa zito kuvuta, badilisha beringi."
Labda, ila mara nyingi magurudumu hayajanyooka. Pima kutoka rimu hadi rimu kwa mbele, kisha kwa nyuma, kote kwenye kimo cha ekseli, vipimo vilingane. Vikipishana tairi zinaburuzwa badala ya kubiringika na zitalika upande mmoja haraka sana, ununue beringi za bei gani sijui.