Kiongozi wa okestra ya taarab yupo, tena ameketi na fidla

Kila inapopanda jukwaani okestra ya taarab, iwe Ikhwani Safaa ya Zanzibar, ya tangu 1905, au Culture Musical Club, hakosi mtu wa kusema: "Hawa hawana kiongozi, wanafuatana tu." Watunzi wapya nao wanaliamini neno hilo. Wanaleta wimbo ulioandikwa nota hadi mwisho, wakidhani kilichobaki ni kupigwa. Sivyo! Ukishautia muziki shairi, wimbo unakwenda kutengenezwa tena mikononi mwa kiongozi.

Kiongozi huyo hashiki fimbo. Mara nyingi ni mpiga fidla ya kwanza, au mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Ananyanyua upinde, anavuta pumzi, fidla zote zinaingia. Hapo ni pepesi. Kazi inakuja mtu anapoinuka kwenda kumtunza mwimbaji, mwimbaji akanogewa, akaurudia mshororo mara ya tatu, na karatasi inasema ni zamu ya kiitikio. Kiongozi anamtupia jicho mpiga ngoma ya dumbak asibadilishe, fidla zinarudia jibu lao, yaani kipande wanachompigia mwimbaji akimaliza mshororo, waitikiaji wanautazama upinde. Akichelewa pigo moja, nusu ya okestra imeshavuka. Kwa hiyo jibu la fidla liandike fupi, na mwisho wake uweze kurudi mwanzo wake bila kukwama.

Kisha kuna kuhamisha sauti. Mwimbaji koo limekuwa zito, kiongozi anaishusha Rast, moja ya makamu, yaani ngazi za sauti za Kiarabu, kutoka Re hadi Do. Mpiga kanuni anageuza mandali zake, vile vyuma vidogo vya kupandisha na kushusha sauti ya nyuzi. Fidla hazina taabu, kidole hujitafutia mahali. Balaa ni akordioni. Katika Rast ya Do, Mi hukaa baina ya Mi ya kawaida na Mi bemoli, yaani iliyoshushwa nusu sauti, na Si hivyohivyo, na akordioni ya kawaida haina sauti za hapo. Wapo wanaosema, "Piga Mi tu, nani atasikia?" Anasikia kila mtu! Rast yote inageuka meja ya kizungu. Kiongozi anayejua humwambia wa akordioni aziruke sauti hizo mbili, au anyamaze kabisa mpaka wimbo uhamie Nahawandi, makamu isiyo na sauti za katikati kama hizo.

Na hiyo Mi ina jambo jengine linalopuuzwa mno. Mi ya Rast hukaa juu kidogo kuliko Mi ya Bayati, makamu nyengine, inayoanzia Re, ilhali alama ya nusu bemoli kwenye karatasi ni ileile. Mimi sijakinaika kwamba nota inaweza kuibeba tofauti hiyo, hata ukiongeza vishale. Uimbe mshororo mbele ya kiongozi, aupige peke yake, fidla nyengine zimfuate kwa sikio. Karatasi zigaiwe baadaye.

Mdundo ni rahisi zaidi: andika jina lake, wahed unusu au kiduku, wapigaji wanaujua. Alama za kupanda na kushuka kwa upinde usiziandike. Ziache tupu, kiongozi atazitia kwa penseli akishamsikia mwimbaji anavutia wapi pumzi.