Ghalani Mahindi Yapo, Mfukoni Hela Hakuna

Kila ninapoulizwa kama mchumi wa kilimo iwapo nchi ilikuwa na chakula cha kutosha wakati wa UVIKO-19, hujibu kwamba swali hilo linahusu ghala, ilhali njaa ya mjini huanzia kwenye kipato. Tani zilizohifadhiwa na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula huonyesha kama kipo cha kununua. Hazionyeshi nani anamudu kukinunua, na kwa Arusha, ambako fedha nyingi huletwa na watalii, tofauti hiyo ilikuwa kubwa.

Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa hapa Arusha. Mwezi uliofuata ndege za abiria za kimataifa zilisitishwa, zikaruhusiwa tena Mei 18. Watu hawakufungiwa ndani na mashamba yaliendelea kulimwa, lakini watalii walioingia nchini walishuka kutoka zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2019 hadi takriban 620,000 mwaka 2020. Mpagazi wa Kilimanjaro, dereva wa safari na mpishi wa kambi, hata wenye kihamba (shamba la ukoo) nyumbani, hununua sehemu kubwa ya chakula chao.

Athari zake zilionekana kwenye duka la Mangi, muuzaji wa rejareja wa mtaani, kabla ya kuonekana soko la Kilombero hapa Arusha. Kaya iliyozoea kuchukua kiroba cha unga cha kilo 25 ilianza kupimiwa kilo moja, kisha nusu, na mafuta ya kula yakawa ya kupima. Anunuaye kwa kupima hulipa zaidi kwa kila kilo kuliko anunuaye kwa jumla, kwa hiyo aliyepoteza kipato ndiye aliyeuziwa chakula kwa bei ya juu, hata pale bei ya gunia ilipokuwa haijapanda. Daftari la madeni lilipojaa, Mangi naye, mtaji wake ukiwa umekaa kwa wateja, alipunguza mzigo. Nyumbani wali uliachwa, nyama na maziwa vikapungua, ugali ukabaki. Kwa hesabu ya nishati ya chakula (kalori) kaya hiyo bado inakula, na tathmini nyingi huishia hapo. Mtoto wa miaka miwili hakui vizuri kwa ugali na chai ya rangi.

Wakulima hawakusalimika. Maharage machanga na maua ya huku husafirishwa kwa ndege, na sehemu kubwa ya mizigo ya aina hiyo hukaa chini ya abiria, hivyo ndege za abiria zilipokosekana nafasi ya mizigo ilipungua na nauli yake ikapanda. Mpakani Namanga, madereva wa malori walisubiri vipimo, na kwa mwenye nyanya kila siku ya foleni ni hasara. Nyanya zisizovuka hurudi kushusha bei kwetu, jambo linalompendeza mlaji wa leo huku likimnyima mkulima fedha za mbegu na mbolea za msimu ujao.

Sukari ilikuwa na kisa chake: Aprili 2020 ilipanda hadi Serikali ikatangaza bei elekezi. Kuishi jirani na mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC hakukuwapa watu wa Moshi nafuu yoyote, kwa kuwa viwanda husimama kipindi cha masika na pengo huzibwa na sukari ya nje.

Kwa maoni yangu, akiba ya nafaka ni kinga nzuri dhidi ya ukame, lakini haitoshi pale kipato kinapokatika ghafla. TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, hulenga kaya zilizokuwa maskini tangu awali. Mpagazi aliyekuwa akijitegemea hadi Februari hayumo kwenye orodha hiyo, na kumwingiza huchukua muda mrefu kuliko akiba yake. Orodha za wapagazi na waongoza watalii zipo tayari kwenye kampuni zao na kwenye mageti ya hifadhi. Ningependa zitumike kuwatumia fedha kwa simu ndani ya wiki chache, kabla hawajauza mbuzi na cherehani.