Kabla Kazi Haijaanza: Dhana Potofu Kuhusu Vihatarishi vya Mradi

Ofisi nyingi za Unguja na Pemba zikianza mradi hushughulika na mambo mawili: bajeti na siku ya uzinduzi. Suala la nini kinaweza kuharibika, na nani atakishughulikia kikiharibika, huachwa mpaka kiharibike kweli. Sidhani kama ni uvivu. Nyuma yake kuna imani ambazo watu wenye uzoefu wanazishikilia kwa dhati, na nyingi nimezisikia vikaoni kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

"Kutaja mabaya mapema ni kutia uchuro"

Hii ndiyo nzito kuliko zote. Kikao cha kwanza cha mradi kina adabu zake. Mkurugenzi amefurahi, wafadhili wamekaa mbele, kahawa na haluwa vimeshapita. Kijana akinyanyua mkono kuuliza itakuwaje vifaa vikikwama bandarini, anaonekana haitakii kazi heri. Mwengine humnyamazisha kwa upole: tumtegemee Mungu. Lakini sote tumesomeshwa chuoni habari ya yule bedui aliyeuliza amwache ngamia wake bila kumfunga na atawakali, na Mtume (S.A.W.) akamwambia amfunge, kisha atawakali.

Ukweli ni kwamba kihatarishi, yaani jambo linaloweza kuharibu mradi, kisipotajwa hakiondoki. Kinachopungua ni muda wa kukishughulikia. Mwanasaikolojia wa Marekani, Gary Klein, alieleza mwaka 2007 njia ambayo naiona inatufaa sana sisi tunaooneana haya. Kabla ya kazi kuanza, timu inaambiwa: tuchukulie mradi umekwisha, na umeshindwa vibaya. Kila mtu aandike kwenye karatasi yake sababu za kushindwa. Hapo hakuna wa kulaumiwa kwa kukosa imani, maana kushindwa kumeshachukuliwa kuwa kumetokea, na linalotafutwa ni sababu tu. Mimi ningeongeza sharti moja: mdogo wa cheo asome mwanzo, mkubwa asome mwisho. Mkubwa akitangulia, waliobaki wataunga mkono.

Chukua ofisi inayotaka kuhamishia majalada yake ya karatasi kwenye kompyuta. Mtaalamu wa kompyuta ataandika habari za intaneti. Mhasibu ataandika malipo kuchelewa. Karani wa masjala ndiye anayejua kwamba majalada ya rafu ya chini yameingia unyevu na kurasa zimegandana, kwamba kuna namba moja waliyopewa watu wawili, na kwamba pini zilizoshika kutu lazima zing'olewe moja moja kabla karatasi haijapita kwenye mashine ya kuskani. Mambo hayo matatu yanaweza kula miezi. Na katika miradi mingi ya aina hii, karani huyo hakualikwa kikaoni.

"Tuanze tu, mengine tutayaona mbele"

Jumba la Opera la Sydney, Australia, lilianza kujengwa mwaka 1959 kabla michoro yake haijakamilika. Namna ya kulijenga lile paa ilikuwa bado haijapatikana. Nguzo zilizosimamishwa mwanzo zikaonekana baadaye haziwezi kubeba paa, ikabidi zivunjwe na zijengwe upya. Makadirio yalikuwa dola milioni 7 za Australia na kumaliza mwaka 1963. Gharama ikafika milioni 102, na jumba likafunguliwa mwaka 1973.

Huku kwetu haraka hiyo mara nyingi huletwa na mwaka wa fedha. Juni inakaribia, fedha zisipotumika zitarudi, basi fundi aitwe leo. Naielewa presha hiyo. Hata hivyo, kupima udongo, kuonana na sheha, kuuliza kama kiwanja kina mgogoro wa mirathi na kujua mchanga utapatikana wapi kwa kibali ni kazi ya wiki chache, na huo ndio wakati pekee ambapo kubadili uamuzi hakumgharimu mtu chochote isipokuwa karatasi. Msingi ukishamwagwa zege, swali lile lile lina bei.

"Mvua na umeme ni kudra, havipangiki"

Kunyesha si juu yetu. Kuchimba msingi Aprili ni juu yetu. Masika inajulikana ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Disemba, na kusi linapovuma kwa nguvu kila mwenye mzigo wa Pemba anajua vyombo vinaweza kuchelewa. Ramadhani inarudi nyuma kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka, na saa za kazi zinapungua. Yote yamo kwenye kalenda, na bado ratiba za miradi zinaandikwa kana kwamba kila mwezi una siku sawa za kazi.

Kuhusu umeme, tuna ushahidi wetu wenyewe. Mwaka 2008 Unguja ilikaa karibu mwezi mzima gizani, kuanzia Mei hadi Juni. Disemba 2009 giza likarudi, na safari hii likadumu hadi Machi 2010. Aliyeanzisha mradi katikati ya 2009 bila kutenga fedha za jenereta alikuwa ameliona onyo la mwaka uliotangulia. Pemba iliunganishwa kwa kebo kutoka Tanga mwaka 2010, na Unguja ikapata kebo mpya ya megawati 100 mwaka 2013. Hali imebadilika sana, lakini visiwa vyote viwili bado vinategemea umeme unaopita chini ya bahari, na mradi wenye chumba cha baridi au seva unapaswa kulisema hilo kwa maandishi tangu siku ya kwanza.

"Hatari ni ya mkandarasi, mkataba unasema hivyo"

Mkataba unaweza kuhamisha gharama. Hauhamishi muda uliopotea, na hauwezi kurudisha maisha. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la mwaka 1883, iliporomoka likiwa katika matengenezo, na watu wawili wakafariki. Simnyooshei mtu kidole kwa msiba ule. Nasema tu kwamba kwenye nyumba za Mji Mkongwe, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti, jambo kubwa usilolijua limo ndani ya ukuta. Boriti inaweza kuwa nzima katikati na imeoza pale ilipoingia ukutani. Lipu ya saruji iliyopakwa juu ya chokaa inaweza kuzuia unyevu usitoke, ukuta ukalainika kwa ndani huku nje unang'aa. Kwa hiyo fedha ya kwanza kwenye nyumba kama hizo iende kwenye uchunguzi: lipu ibanduliwe mahali pachache, vichwa vya boriti vigongwe, maji yafuatwe yanakotoka. Mkandarasi atoe bei baada ya hapo. Bei iliyotolewa kabla ya hapo ni ya kubahatisha, na atakayekuja kuilipia ni mwenye nyumba.

"Asilimia kumi ya dharura inatosha"

Huenda inatosha, huenda haitoshi. Kiasi cha bajeti kinachotengwa kwa dharura kitokane na vihatarishi vyenyewe, si mazoea.

"Daftari limejazwa, kazi imekwisha"

Daftari la vihatarishi lililoandikwa "hali ya hewa", "usafiri" na "fedha" halimsaidii mtu. Liandike sababu, tukio na athari yake: "Kwa kuwa nondo zote zinatoka Dar es Salaam, chombo kikichelewa zaidi ya siku tatu, mafundi wanane watalipwa bila kazi na slabu itaingia masika." Mstari kama huo unaonyesha wenyewe cha kufanya: nondo ziagizwe mapema, ghala litafutwe. Kisha liwekwe jina la mtu mmoja anayefuatilia, maana jina la idara haliwezi kupigiwa simu, na tarehe ya kuangaliwa tena. Na kama chombo kimeshachelewa siku nne, mstari huo hauna tena nafasi miongoni mwa vihatarishi. Uhamishiwe kwenye orodha ya matatizo, na fedha za dharura zilizotengwa kwa ajili yake zianze kutumika siku hiyo hiyo.