Karata hazikumbuki mkono uliopita

Kwenye vibaraza vya Ujiji na Mwanga, hapa Kigoma, wacheza karata wengi huamini kwamba aliyefungwa mara nyingi mfululizo, zamu yake ya bahati imekaribia. Wengine humwambia ana nuksi, ahame kiti. Ni imani ya siku nyingi, na inaeleweka, maana hata kiangazi hufuatwa na mvua.

Karata haziendi hivyo. Katika poka ya Texas Hold'em, ambapo kila mchezaji hugawiwa karata mbili kwanza, kisha nyingine za wote huwekwa mezani, karata 52 zikichanganywa vizuri, uwezekano wa kugawiwa ree mbili mwanzoni ni 1 kati ya 221. Ukikaa mikono 300 bila kuzipata, mkono wa 301 uwezekano ni uleule. Hata ukizipata, mwenzako mwenye wafalme wawili atakufunga karibu mara 18 katika kila 100, ingawa wewe hukukosea popote. Ndiyo maana hata mchezaji hodari huweza kutolewa mapema mashindanoni. Ubora wake huonekana baada ya michezo mingi sana, si usiku mmoja.

Kinachoniuma ni kumwona mtu akiongeza dau kwa pesa ya matumizi ya nyumbani, akisubiri bahati anayodhani inamdai.

Jaribu mwenyewe. Rusha sarafu ya shilingi 100 mara 200, uandike kila tokeo. Kisha tafuta kila mahali upande wa wanyama ulipotokea mara tatu mfululizo, uhesabu kilichofuata. Utakuta kichwa na wanyama vinakaribiana, nusu kwa nusu.