Kinyota Si Pambo: Kuhusu Nomino *nebo

Tangu mwongozo mpya wa kuandaa vidahizo (maneno yanayoingizwa katika kamusi) uanze kutumika, kitengo chetu cha etimolojia kinaletewa malalamiko kwamba maingizo ya Kislavi mame (lugha ya kale iliyozaa Kirusi na lugha nyingine za Kislavi) yanarudishwa "kwa sababu ya kinyota tu", yaani alama ya * mbele ya neno. Tunatambua nia njema ya wachangiaji. Tuchukue mfano wa *nebo, 'mbingu'.

*nebo haikutokana na nebula ya Kilatini, 'ukungu', kama wengine wanavyodai. Tumeshalijibu hili, na tunalijibu tena: ni ndugu, si mzazi na mwana. Asili yake ni *nébʰos, yaani 'wingu', ya Kihindi-Ulaya mame (lugha ya kale zaidi iliyozaa Kislavi, Kilatini na Kigiriki). Kigiriki kimebaki na wingu, néphos. Kihiti (lugha ya kale ya eneo la Uturuki ya leo), nepiš, kimepanda hadi mbinguni kama Waslavi.

Tatizo hasa liko kwenye maumbo. Kislavi mame kilidondosha konsonanti za mwisho wa neno, ndiyo maana ile s haionekani katika *nebo. Katikati ya irabu ilisalimika: umilikishi (umbo la 'ya mbingu') *nebese, wingi *nebesa, umilikishi wa wingi *nebesъ. Anayetuletea *neba amechukua umbo la Kirusi cha leo, lililofuata mkumbo wa nomino nyingine, akalibandika kinyota. Na Kirusi hichohicho bado kinasema nebesa katika wingi! Hata Baba Yetu ya Kislavi cha Kanisa, panaposemwa "uliye mbinguni", ina -es- hiyo.

Utaratibu ni huu. Ingizo liwe na kinyota, jedwali la hali saba (maumbo ya nomino kulingana na kazi yake katika sentensi) kwa umoja, uwili (vitu viwili) na wingi (visanduku vyote 21, hata pale maumbo yanapofanana), pamoja na ushahidi wa matawi ya mashariki, magharibi na kusini. Lisilo na kinyota hurudishwa bila kusomwa. Likiletwa tena vilevile, huondolewa kwenye foleni, na mhusika huanza upya kwa fomu mpya. Uwili ukiachwa, ingizo husubiri, halifutwi.

Kinyota humwambia msomaji kwamba umbo hilo limekisiwa kwa kulinganisha lugha, halijakutwa popote katika maandishi, sawa na *muntu ya Kibantu mame. Kislavi kilianza kupata vitabu baada ya wamisionari Cyril na Methodius kwenda Moravia, nchi ya Waslavi huko Ulaya ya Kati, mwaka 863. Kwa hiyo nebo na nebese za Kislavi cha Kanisa cha Kale, ambazo zimo maandishini, zisiwekewe kinyota. Nazo zikiwekewa, tunazirudisha.